Niko Sawa, Afande

Kwa Ruguru, mke wa Runji wangu, huko kwenu Kiambere,

Salamu nyingi sana. Baba yenu anakusalimia, kifua kimepoa. Mwanao Adrian anakusalimia, ameng'oka jino, amekuwekea. Ng'ombe naye amezaa.

Runji yuko tu. Aliitwa na madaktari wa pensheni ya wanajeshi walioumia. Alipiga shati pasi, akaniachia fimbo mlangoni, akasimama wima na ule mguu wa Somalia. Nikasikia wakimuuliza, "Unaumwa?"

"Niko sawa, afande!"

Wakaandika ni mzima.

Wamemwita tena mwezi ujao wampime upya, aje na mtu wa nyumbani anayejua shida yake. Mimi nitalia tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtoa chini ya kitanda kila mlango ulipojibamiza. Uje useme hayo, mama, hata kama hutabaki. Nijibu upesi.

Ni mimi mama yenu, Wanjira