Mashine Iliuliza kwa Kifaransa

Mama Jovita, amahoro.

Nakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika, na ukiisoma barua hii redioni tafadhali jina langu lifiche, niite tu Injenyeri, maana ndivyo watu wa hapa Rumonge wanavyoniita tangu mwezi uliopita, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nina miaka ishirini na tisa, nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, nikasomea huko, nikajifunza kompyuta huko kwa wiki tatu na cheti nikapewa, na tuliporudi nyumbani Burundi nikakuta kila kitu ni Kifaransa, benki Kifaransa, ofisini Kifaransa, hata karatasi ya kuombea kazi, na tuliowakuta wakawa wanatucheka wakisema, “Nyinyi muko watu ya Kiswahili tu,” basi nikajizoesha kuitikia kwa kichwa na kusema “oui, oui”, yaani ndiyo, kila nikisemeshwa, na mpaka leo watu wanaamini lugha hiyo ninaijua, hata mkuu wa shule yangu anaamini.

Sasa Mustafa, mwenye chumba cha michezo ya video karibu na soko, aliandaa mashindano ya mpira wa kwenye televisheni, wachezaji ishirini kutoka mjini, Minago na Kizuka, kila mmoja mechi tisa, na atakayeongoza ndiye atakayekwenda Bujumbura Jumamosi hii kuiwakilisha Rumonge, na huko Bujumbura mshindi atapewa mafunzo ya kompyuta ya miezi sita bila kulipa chochote. Miaka yote Mustafa huandika matokeo kwa chaki kwenye mlango wa bati, ukishinda unachorewa kijiti kimoja, basi. Mimi nikamwambia huo ni ushamba, nikamtengenezea jedwali la Excel kwenye kompyuta yake, na Mama, lilikuwa zuri, safu kumi na nne zenye rangi, ushindi, sare, mabao, pointi za ugenini kwa anayetoka mbali, pointi za kuwahi, za nidhamu, adhabu ya kuchelewa, adhabu ya kutupa chini padi, kile kidude cha kuchezea, na fomula zinajumlisha zenyewe, mpaka watu wakawa wanasimama nyuma yangu kutazama namba zikibadilika na mchezo wenyewe wameuacha. Jina la Injenyeri lilitokea hapo.

Siku ya mwisho matokeo yote yalipokuwa yameingia, Mustafa akaniambia, “Injenyeri, panga majina kwa alfabeti, wageni wa Buja wakikuya wakute iko safi.” Nikachagua safu ya majina, nikabonyeza pa kupangia, na kwa kuwa kompyuta yake ni ya Kifaransa ikatoa kisanduku chenye swali refu na majibu mawili, nami sikuelewa hata moja. Kabibi, binti Mkongo anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale mwaloni wanakoshusha samaki, naye ni mmoja wa wachezaji, alikuwa amesimama begani kwangu. Yeye alisomea Uvira, Kifaransa anakisoma bila kukwama. Akainama akaniuliza, “Iko inauliza nini apo?” Nikamjibu, “Mambo ya kiufundi, dada,” nikafunika skrini kwa mkono, nikabonyeza jibu lenye neno “continuer” kwa kuwa hilo angalau lilifanana na Kiingereza changu.

Majina yakajipanga vizuri kabisa. Nikabandika ukutani jina na jumla ya pointi tu, kwa sababu safu zote kumi na nne hazikuenea kwenye karatasi. Kwa pointi hizo mchezaji mwingine, Lukeba, akatokea wa kwanza. Kabibi akatokea wa kumi na saba.

Watu waliguna, lakini Kabibi alipiga kelele, akasema, “Mimi nilipiga watu munane! Munane! Uyu Lukeba nilimupiga tano kwa moja, na weye ulikuwako, ulikuwa unaangalia!” Na ni kweli Mama, nilikuwepo, lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, nikasema, “Dada, kompyuta haina ndugu wala haina hasira. Labda adhabu zako ni nyingi.” Watu wakacheka. Kabibi akasema mashine yangu ni ya uongo na mimi pia ni wa uongo, ndipo Mustafa akamfukuza asikanyage tena pale kwa kuwa amemtukana fundi, na sasa huko mwaloni wanamwita Kumi-na-Saba, hata wateja wake, na nimesikia padi yake ya kufanyia mazoezi amempa mtoto wa jirani, anasema hachezi tena. Lukeba yeye Jumapili alitoa ushuhuda kanisani.

Juzi mkuu wa shule akaniambia, kwa kuwa mimi ni Injenyeri, jedwali kama lile nitengeneze la alama za wanafunzi wetu mia nne. Nikalifungua lile la mashindano ili ninakili fomula, nikaona Kabibi ameandikiwa ushindi wa mechi mbili na adhabu ya kutupa padi, na padi hakuwahi kuitupa, aliyeitupa ni Lukeba! Nikairudia ile hatua, swali likatokea tena, nikalinakili neno kwa neno nikalitafsiri kwenye simu. Mashine ilikuwa inauliza kama safu nyingine nazo zihame pamoja na majina. Nilikuwa nimehamisha majina ya watu ishirini nikaziacha namba zao zimekaa palepale.

Karatasi za kila mechi, zilizotiwa saini na wachezaji wote wawili, bado zipo kwa Mustafa kwenye katoni ya sabuni. Nimefikiria kusema kompyuta iliingiwa na virusi. Nimefikiria pia kunyamaza, maana mwisho wa yote ni mchezo tu. Nisaidie Mama, nirekebishe vipi bila mtu kujua?

Injenyeri, Rumonge.

* * *

Injenyeri,

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimekasirika vilevile.

Nianze na huruma, kwa kuwa ninayo kidogo na nataka iishe mapema. Mimi pia nilirudi kutoka Tanzania. Najua jinsi linavyochoma lile neno la “watu ya Kiswahili tu”, na anayelisema anajua anachochoma. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilisimama kwenye dirisha la ofisi na fomu mkononi, nikaikodolea macho kama vile ingenihurumia. Halafu nikageuka nikamuuliza msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alinisomea, akacheka kidogo, nikajaza, nikaenda zangu. Kicheko chake kiliisha hata sijafika mlangoni. Wewe ulikwepa kicheko kama hicho, na ili ukikwepe umemfanya binti wa watu achekwe soko zima.

Kuuliza si ujinga. Wewe ni mwalimu, bila shaka unawaimbia watoto maneno hayo kila wiki. Lakini wewe hukutakiwa hata kuuliza, Injenyeri. Uliulizwa! Mashine ilikuuliza kwanza, kwa adabu, kabla haijagusa kitu. Kabibi akakuuliza mara ya pili, ameinama, Kifaransa chote kipo mdomoni mwake, alikuwa anangoja useme “nisomee” tu. Ukafunika skrini kwa mkono. Mambo ya kiufundi! Ufundi gani huo, wa kiganja?

Na hebu tuliseme hilo jedwali lako, ambalo hata katika kuungama umelisifu. Safu kumi na nne kwa watu ishirini wanaocheza mpira kwa vidole gumba. Mlango wa Mustafa ulikuwa na vijiti tu, na mama anayepita na ndoo ya mawese alijua nani anaongoza bila kuitua ndoo. Wewe ukaleta kitu ambacho mchezaji hawezi kujihesabia ushindi wake mwenyewe, kisha ukutani ukabandika jumla peke yake, na mtu alipodai aoneshwe hesabu ukamwambia ana hasira. Huo ulioukuta ndio uliouita ushamba. Huu wako tuuiteje?

“Kompyuta haina ndugu wala haina hasira.” Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu hapa studioni. Ni kweli kompyuta haina ndugu. Haina haya pia: isipojua inauliza. Ungeiga hilo moja tu kwake, tusingekuwa na barua hii.

Sasa unataka kuisingizia virusi. Chombo cha watu kimefanya ulichokiamuru, barabara kabisa, na wewe unataka kukisema kina ugonjwa. Unasema pia mwisho wa yote ni mchezo tu. Ulipokuwa unaitwa Injenyeri haukuwa mchezo tu. Wageni wa Bujumbura walipokuwa wanakuja haukuwa mchezo tu. Umegeuka mchezo siku ulipojua aliyeumia ni muuza ndagala. Hapo ndipo uliponikera hasa, na kama ungekuwa mbele yangu ningekuambia usimame.

Wenzako nao siwaachi. Lukeba alijua amefungwa tano kwa moja, vidole vyake mwenyewe vinajua, na bado akasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa mabao ya Kabibi. Mungu anajua kuhesabu, Lukeba. Mustafa alimfukuza mshindi wake kwa sababu ya karatasi. Na nyinyi wengine mliokuwepo, mlioziona mechi kwa macho yenu, mkaguna tu mkaenda nyumbani. Mtu mmoja tu katika chumba kile aliamini alichokiona, naye ndiye mliyempa jina la Kumi-na-Saba.

Unaniuliza namna ya kurekebisha bila mtu kujua. Hakuna. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha tangu uliporudi. Ndiyo maana una cheti, una kazi, una jina kubwa, na huwezi kusoma mstari mmoja kwenye mashine unayoitawala. Kabibi alifedheheshwa mbele ya watu. Atasafishwa mbele ya watu, walewale, palepale.

Basi nenda kwa Mustafa leo, si kesho. Leo ni Jumatano, na gari la Bujumbura linaondoka Jumamosi alfajiri. Mwambie alete katoni ya sabuni na kipande cha chaki. Kompyuta ibaki imezimwa kwanza. Mwite Kabibi, mwite Lukeba, waite wote wanaopatikana, na karatasi zisomwe moja moja kwa sauti, kila ushindi kijiti mlangoni. Kama Kabibi anaongoza, kila mtu ataona anaongoza, na hatahitaji Injenyeri wa kumwambia. Lukeba ataumia, tena tayari ana ushuhuda wa kufuta. Ni shauri lake na mchungaji wake.

Vijiti vikiisha, omba radhi. Usiseme “kulikuwa na hitilafu”. Sema: mimi sijui Kifaransa, niliona haya, nikabonyeza nisichokielewa, na aliponiambia ukweli nilimfanya mwongo. Maneno ni hayo, hayazidi pumzi mbili. Padi yake uifuate kwa mtoto wa jirani wewe mwenyewe, kwa miguu yako, na ukimsikia mtu anamwita Kumi-na-Saba uwe wa kwanza kumkemea.

Mkuu wako wa shule mwambie kabla hajaambiwa. Alama za watoto mia nne usiziguse mpaka uwe unaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye skrini ile. Mtoto wa darasa la sita akipewa alama za mwenzake hatakuwa na sauti ya Kabibi ya kupigia kelele. Atapokea, atalia, ataacha shule, na wewe utakuwa umebandika jumla ukutani.

Kisha ndipo muiwashe kompyuta. Irudie hatua ileile, swali litoke, na umwombe Kabibi akusomee, kwa sauti, mbele ya wote. Atacheka. Mwache acheke. Akimaliza, muulize jibu ni lipi, na kidole kinachobonyeza kiwe chake.

Jambo la mwisho. Uliomba nilifiche jina lako, nami nimelificha. La Kabibi, la Lukeba na la Mustafa hukuniomba niyafiche, nimeyasoma kama ulivyoyaandika. Sasa ni saa nne na robo asubuhi, wakati ambao wanawake wako mwaloni wanaanika ndagala, na redio za pale huwa hazizimwi mpaka betri ziishe. Kwa hiyo lile la bila mtu kujua limekwisha. Umebaki na moja tu, kufika kwa Kabibi kabla yeye hajafika kwako.

Vaa viatu.

Mama Jovita