Wakili Makuru Tumemzika Robanda

Tarime, nyuma ya soko,
Jumapili baada ya misa.

Dada yangu Eufrasia,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na mama naye magoti yawe yamempa nafuu sasa mvua zimepungua. Nauliza pia hali ya shemeji na kahawa yenu, maana nilisikia mwaka huu ugonjwa umeingia mashambani huko Mbinga. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, dada. Ni uchovu usiotoka kwa kulala.

Siku ile uliponipigia kwa simu ya jirani uliniuliza, "Huyo mzee aliyekufa ni nani wako, hata unalia hivyo?" Simu ikakatika kabla sijajibu. Labda ni heri ilikatika, kwa sababu jibu lake haliwezi kusemwa haraka haraka. Leo nimejifungia ofisini kwake peke yangu nikuandikie.

Mzee Makuru alikuwa wakili, nami nilikuwa karani wake tangu nilipotoka machimboni. Kabila lake Mwikoma, kwao Robanda, kijiji kilichopakana kabisa na mbuga ya Serengeti, ambako mtu analima mtama halafu tembo wanauvuna. Baba yake alikuwa mwindaji. Yeye mwenyewe alijua kusoma nyayo za wanyama kabla hajajua kusoma herufi, na shule aliingia akiwa na ndevu. Alianza mahakamani kama mfagizi, akapanda akawa karani, akaendelea kujisomesha polepole, na siku alipovaa joho la uwakili kichwa kilikuwa kimeshaanza mvi. Wenzake walibaki mijini. Yeye akarudi huku. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanza mawakili ni wengi kuliko kesi. Huku kesi ni nyingi kuliko watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa wakati ule dhahabu imewaka Nyamongo, watu wanashuka kutoka kila pembe ya nchi, kila shamba lina mtu anayesema ni lake. Mzee Makuru hakuwahi kuwa na gari. Alitembea. Alikuwa anatoka hapa mjini na mkoba wa mafaili begani, fimbo mkononi, viatu vya matairi, anateremka vilima hadi Kerende, huko huko Nyamongo, analala kwenye kihema chake kidogo kando ya Mto Mara, asubuhi anavua kambale wake wawili, anakula, ndipo anakwenda kuonana na wateja. Kila siku aliandika kwenye daftari: mvua imenyesha kiasi gani, mto umepanda au umeshuka, ndege gani ameonekana. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka mwanzoni.

Alinikuta Kerende nimekaa juu ya rundo la mawe, wiki moja baada ya kumzika mdogo wetu Gaudensi. Sikuwa nachimba tena. Sikuwa nafanya kitu chochote. Alisimama mbele yangu, akanitazama viatu.

"Mura, kijana, wewe siyo wa huku."

"Natoka Mbinga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kusoma unajua?"

"Nimemaliza la saba."

"Na kutembea?"

Nikasema najua. Akaniondolea macho, akanivika mkoba wake begani. Tulitembea hadi Tarime siku hiyo hiyo, na hakuniuliza neno lolote lingine. Mimi niliyekuja kutafuta dhahabu nikaishia kupiga taipu.

Sasa nikueleze kesi moja tu, dada, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimlilie.

Kulikuwa na mjane pale Kerende, Bhoke, mwenye watoto wanne. Mume wake alipofariki, wachimbaji walipata dhahabu kwenye kona ya shamba lao. Haukupita mwezi, akatokea mfanyabiashara mmoja na karatasi yenye alama ya dole gumba, anadai marehemu alimuuzia shamba zima kabla hajafa. Bhoke alikuja ofisini, akakaa kwenye kiti kile cha mteja, akasema, "Wakili, mume wangu hakuuza. Angeuza angeniambia. Alikuwa ananiambia hata akiuza kuku." Basi. Ushahidi wake ndio huo.

Mahakamani shahidi wa yule mfanyabiashara akaapa kwamba karatasi iliwekwa dole Kenyamonta, ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti. Mzee Makuru akamuuliza ni lini. Akajibu, Jumatano ya wiki ya Pasaka. Mlivukaje? Kwa miguu, pale kwenye kivuko cha ng'ombe, mimi na marehemu, tukarudi jioni ile ile.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilimwona anafunga faili. Akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, naomba kujitoa kwenye shauri hili." Bhoke akapiga yowe. Alidhani wakili wake amenunuliwa.

Nje, chini ya ukuta, mzee akamshika mkono yule mama. "Mama, sikukimbii. Wiki ya Pasaka nilikuwa kwenye kivuko kile kile. Mto ulifurika, nikakwama pale siku nne. Hakuna mtu aliyevuka. Lakini wakili hawezi kuwa shahidi kwenye kesi anayoiendesha. Lazima nichague, na wewe wakili utampata. Shahidi hutampata."

Faili akamkabidhi wakili binti kutoka Musoma, mwenye bidii sana. Siku ya kesi mzee akavua joho, akalikunja, akanipa mimi nilishike. Halafu akapanda kizimbani kama mtu wa kawaida, akaapa, akasoma daftari lake: "Jumatano. Mara umejaa mpaka kwenye mikuyu. Ng'ombe wawili wamesombwa. Hakuna anayevuka. Kwarara watano juu ya mwamba." Watu wakacheka waliposikia ndege kwarara wametajwa. Hakimu hakucheka.

Ndipo wakili wa upande wa pili akasimama. Alikuwa amefanya utafiti wake.

"Mzee Makuru, baba yako alikuwa na kazi gani?"

"Mwindaji."

"Aliwahi kufungwa?"

"Alifungwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kuua nyumbu ndani ya hifadhi."

"Kwa hiyo mahakama hii iangushe karatasi yenye dole la mtu, kwa sababu ya daftari la ndege la mtoto wa jangili?"

Hapo, dada, angeweza kunyamaza. Binti wa Musoma alikuwa ameshainuka kupinga swali. Mzee akamwashiria akae. Akashika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili, akasema taratibu:

"Nimeapa kusema kweli yote. Nyumbu yule hakuuawa na baba. Nilimuua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Askari walipokuja baba alisema ni yeye, nami nikanyamaza. Alitoka gerezani na kifua kibovu, hakumaliza miaka miwili akafa. Sijawahi kumwambia mtu. Sasa nimesema. Na mto ulikuwa umejaa."

Yule wakili akakusanya karatasi zake, akakaa. Kwenye hukumu hakimu aliandika kwamba mtu aliyekubali kujivunjia heshima ili aseme kweli isiyomfaidisha, hana sababu ya kudanganya juu ya mto. Bhoke akabaki na shamba lake.

Lakini usifikiri yaliisha kwa vigelegele. Habari zilifika Robanda kabla yake. Alikuwa na dada yake huko, Bi Wegesa, aliyemlisha akiwa shuleni baada ya baba yao kufa. Mzee alinichukua tukaenda kwake, siku mbili kwa miguu. Tulimkuta anapepeta mtama. Hakutuitikia. Mzee akakaa chini, kwenye vumbi, mtu wa umri ule. Bi Wegesa akapepeta mpaka mtama ukaisha, kisha akasema, "Mama alikufa anamlaani baba kwa kutuacha na njaa. Ungesema mama angali hai, angemlilia." Akaingia ndani akafunga mlango. Tukarudi Tarime. Njia nzima mzee hakuandika ndege hata mmoja.

Kila mwaka alirudi. Mwaka wa tatu akapewa maji ya kunywa. Mwaka wa tano akapewa ugali. Mimi nilikuwepo siku ya ugali. Alikula kama mtoto, machozi yanadondoka kwenye mboga.

Aliendelea kutembea hadi alipopita miaka themanini. Mwaka huu miguu ikakataa, kifua nacho kikamlemea, akafa kitandani mchana kweupe, dirisha wazi jinsi alivyotaka. Tulimpeleka Robanda. Bi Wegesa, amekuwa kikongwe sana, alishikwa mkono hadi kaburini. Alisema maneno machache kwa Kiikoma, mtu akanitafsiria: "Mlazeni karibu na baba. Wana mazungumzo yao."

Nimerudi kutoka mazishini siku kumi zimepita na kila siku naanza barua hii naichana. Sasa naandika bila kuchana.

Dada, Gaudensi hakufa kwa malaria. Hilo ni neno nililoandika mimi mwaka ule, mkaliamini, mkamwombea misa. Gaudensi alifukiwa ndani ya duara, yale mashimo tunayochimba. Matimba ya kuzuia udongo yaliachia. Na zamu ile haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekunywa pombe tangu jana yake, nikamwambia kichwa kinauma, akaniambia, "Lala kaka, nitashuka mimi." Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Tulimtoa siku ya pili. Nilimwosha mwenyewe.

Sikurudi nyumbani miaka yote hii, mkadhani nasubiri dhahabu. Hakuna dhahabu. Niliogopa uso wa mama. Mzee Makuru nilimwambia njiani tukitoka Robanda, ile mara ya kwanza mlango ulipofungwa. Alisikiliza, akasema, "Mimi nimechelewa, baba na mama wote wamekwenda. Mama yako bado yupo." Hakulitaja tena hadi anakufa, wala mimi sikuwa na nguvu ya kumtii akiwa hai.

Mafaili ya wateja nimebakiza machache kuyarudisha kwa wenyewe. Nikimaliza natoka huku. Nakuomba mambo mawili. Kama umekasirika, kasirika, sitakuomba usikasirike. Na barua hii usimsomee mtu, hata mama.

Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule uliyempa jina la Gaudensi. Nisalimie baba mdogo wa mashine ya kusaga, na katekista aliyetufundisha sote kusoma. Salamu za mama usimpe. Mwambie tu aweke kigoda nje, mwanawe anakuja, na ana neno la kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Kastori