Bata wa Chini ya Kitanda cha Mama

Kaka yangu mpenzi Eilif,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mvua ya huko Bergen imewapa nafasi ya kuanika walau soksi. Kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo, ila mume wangu Oddmund kaungua pua kwa jua hili la kiangazi lisilotua hata usiku, anafanana na kamba aliyechemshwa.

Kama tulivyokubaliana, tumekuja kwa mashua ya tanga kukiaga kisiwa chetu kabla hakijauzwa. Safari ilinirudisha utotoni, kaka. Kila tulipotia nanga nilishuka kuokota: boya la kioo la kijani lisilo na ufa, kipande cha kisahani chenye maua ya bluu, na zile kome tulizokuwa tukizifanya ng'ombe wetu, mimi nikikamua na wewe ukiwaibia majirani. Oddmund alilalamika kwamba takataka zangu zitatuzamisha, kisha nikamfuma akificha jiwe jeupe mfukoni. Tulikaanga samaki palepale ufukweni, tukanywa kahawa iliyoingia chumvi, nami nikawa nacheka hovyo tu. Nilikukumbuka mno.

Kisiwani tulimkuta yule bwana mnunuzi ametangulia, na koti lake jekundu la kuonekana maili nzima. Alikuwa akipita katikati ya vile vibanda mama alivyowajengea bata bahari wa porini waje kutagia, anapima kwa hatua mahali pa kujenga gati. Bata walikuwa wamekimbilia majini, mayai yako wazi. Nikamuuliza kama hajui kwamba wakiatamia hata mbwa hufungiwa ndani. Akasema, "Si bata tu hao, mama? Watazoea." Oddmund akamjibu, "Na mkeo akijifungua, unaingia leba na koti hilo?" Akaenda kukaa kwenye boti yake, amenuna.

Mimi nikaingia nyumbani. Mlango wa nyuma ulikuwa na ule upenyo mama aliotaka uachwe kila mwaka, na chini ya kitanda chake alikuwamo bata mmoja. Aliponiona akajiinua akimbie. Nikakumbuka mama alivyovaa nguo zilezile msimu mzima ili bata wamjue. Koti lake la kijivu bado lilining'inia msumarini, nikalivaa. Eilif, yule bata alijilaza tena, akaniacha nipitishe mkono chini ya kifua chake, penye joto na yale manyoya laini. Nililia kimyakimya, maana sauti ingemtisha.

Sasa kaa kitako nikuambie. Kisiwa sikukiaga. Nilitoka nikamwambia yule bwana aende zake, hatuuzi. Sikukuuliza, na najua kwa fedha za kisiwa mlishaitegemea nyumba ya mjini, shemeji keshachagua na mapazia. Kasirika, una haki. Oddmund anaondoka kesho na barua hii, mimi nabaki. Naiandikia sakafuni, kwa kuwa mwenye chumba hapendi mtu akikaa kitandani.

Nisalimie shemeji, umwombe radhi kwa niaba yangu, na watoto uwabusu. Njoo tugombane hapahapa, kaka. Ila ukikaribia zima injini, upige makasia, na ugomvi wenyewe itabidi tuufanye kwa kunong'ona.

Mdogo wako akupendaye,
Torbjørg