Vipande vya Mama Havilingani Tena

Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, jua zuri la kuanika michembe. Ningepaswa kufurahi.

Mama anajulikana mtaa mzima kwa michembe yake. Hukata viazi vitamu vipande vyembamba vinavyolingana, bila hata kutazama kisu, huku akipiga soga na majirani. Leo vipande vilikuwa vinene huku, vyembamba kule. Kisu kilimtetemeka mkononi. Baba akamtania, "Mama Minza, leo umekata kwa shoka?"

Zamani angemjibu mpaka sote tucheke. Leo alitupa kisu, akaingia ndani kulia.

Naogopa.

Shangazi anasema ni mizimu, apelekwe kwa mganga. Lakini mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kuhusu zebaki, ile ya kunasia dhahabu. Ukiichoma, mvuke wake ukauvuta, unafika mpaka kwenye ubongo. Mikono hutetemeka. Mtu husahau, hukasirika, hujawa na huzuni asiyoijua ilikotoka. Darasani niliacha kuandika. Ilikuwa kama anamweleza mama.

Kwetu, baba huleta dhahabu kutoka machimboni ikiwa bado imeshikana na zebaki. Mama ndiye huichoma, jikoni, mlango umefungwa, ili majirani wasijue tumepata na wezi wasije.

Na mimi hukaa palepale, nikimpepelea mkaa.

Mchana nilijipa moyo, nikamweleza baba yote. Alisikiliza akitazama chini. Akasema mama akichomea mbali na nyumba, watu wataona, tutavamiwa. Nikamwambia, "Baba, mama ndiye anayeibiwa. Na mlango tunaufunga wenyewe."

Nilidhani atanigombeza. Badala yake akasema Jumatatu atampeleka mama hospitali. Nikashukuru. Lakini kuhusu lile donge la dhahabu na zebaki lililo kwenye kopo juu ya kabati, linalosubiri kuchomwa, hakusema neno.

Mama alipolala, nilikaa uani na kiazi kilichobaki. Nikakikata taratibu, kama alivyonifundisha, nikavipanga vipande vyangu kwenye mkeka kando ya vyake.

Karibu vyote vimelingana. Kimoja tu ni kinene upande mmoja.

Ni kisu butu, au ni mimi?