Mshono Uliopinda

Mowlem, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu mpendwa Patrobas,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Mowlem. Hujambo, na wifi Vivian hajambo? Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili hauniumi popote, namshukuru Mungu. Kilichovimba ni moyo tu. Najua utashangaa kuletewa barua na simu ninayo. Nimechagua kalamu kwa sababu simu ungeikata kabla sijafika ninakokwenda. Nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika. Mimi mwenyewe naandika nikiwa na hasira.

Soko la Kariokor uliloliacha mwaka jana huwezi kulitambua. Upande wetu tulikuwa mafundi wa sandali kumi na mmoja, wamebaki watatu. Makontena yanazidi kushusha sandali za plastiki zilizopakwa rangi ya ngozi, na jozi moja inauzwa chini ya bei ya ngozi yenyewe kabla hujaikata. Nyamai, aliyekuwa akituletea ngozi, anasema nzuri zote zinapakiwa kwenda ng'ambo, sisi tunaachiwa zilizotobolewa na kupe. Ng'ombe amechinjwa hapa hapa, lakini ngozi yake tunaitazama kama mali ya wageni! Juzi redioni mheshimiwa mmoja alisema uchumi umekua, dunia imekuwa soko moja na kila mtu ana nafasi yake. Nilitaka kuirusha ile redio nje. Umekua wapi? Kwa nani? Mbona wao wanaingia kwetu na makontena, na sisi kwenda kwao hatuna hata tundu la kuchungulia?

Kwenye meza yako sasa anauzia Khavere, yule aliyekuwa akitutungia shanga. Anauza hizo hizo za plastiki. Nilipomkabili, aliniuliza kama watoto wake watakula ugomvi wangu.

Mimi nami niliweka sindano chini. Nilipata kibarua kwenye godauni moja Industrial Area, kupanga viatu katika maboksi, malipo ya kila siku jioni. Kila tulipoomba kuongezwa, msimamizi wetu Mbeti alitwambia mwenye mali ana godauni jingine katika nchi ambayo wafanyakazi hawaombi. Hakusema kwa ukali. Nadhani naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo.

Basi mwezi uliopita yakaja maboksi ya sandali za plastiki zenye mchoro wako, zile zile zilizokufukuza mjini. Mikanda mitatu, na ule mshono wa mwisho unaopinda kushoto kwa sababu ya kidole chako kilichokatwa na kisu. Patrobas, mashine ya ng'ambo imeiga hadi kilema cha kidole chako! Maelfu ya jozi, zote zimepinda kushoto. Tukapewa vitambaa vidogo tuvishone kwenye mikanda, vimeandikwa kwamba hii ni kazi ya mikono ya fundi wa Kenya, ili watalii wanunue. Nilimwambia Mbeti, "Fundi huyo namjua. Ni ndugu yangu, na sasa analima mihogo Busia." Akanijibu taratibu, "Shona, Nabwire. Usiposhona wewe, langoni wamejaa wanaotaka kushona." Nilikitupa kile kitambaa miguuni pake, nikatoka. Siku ile hata malipo sikupewa.

Sasa nifike kwa Wehliye.

Unakumbuka siku sandali hizo zilipotokea sokoni mara ya kwanza. Kwa kuwa Wehliye alikuwa akituuzia gundi na soli, na alifahamiana na watu wa makontena, ulisema hakuna mwingine aliyeweza kuuza mchoro wako. Ukamwita mwizi mbele ya soko zima. Ukamwambia arudi kwao. Kwao ni wapi, ndugu yangu? Amezaliwa Eastleigh, hapa hapa Nairobi, na Kiswahili chake kinakishinda chako. Tangu siku hiyo mafundi wakaacha kununua kwake, na duka alilifunga kabla ya Pasaka.

Hakuiba. Ni mimi.

Ulipokwenda nyumbani kumzika baba mkubwa, alikuja mama mmoja mnunuzi kutoka ng'ambo. Alisema anataka jozi elfu mbili, lakini lazima kwanza wakubwa wake wapime ubora. Nikampa jozi moja ya mfano, na zile karatasi zako za kukatia ngozi, zote. Alinipa pesa kama shukrani. Ile cherehani niliyokwambia nimeipata kwenye chama cha kuchangiana, niliinunua kwa pesa hizo; chama hakikuwapo. Nilitaka urudi nikuonyeshe oda, useme dada yako ana akili. Oda haikuja. Zilikuja plastiki. Na ulipokuwa ukimtukana Wehliye, nilikuwa nyuma yako na sindano mkononi, kinywa kimefungwa.

Waliotuibia nawachukia, na hasira hiyo sitaiacha. Lakini wale wako mbali, hawajui hata majina yetu. Wehliye nilimwonea mimi, nikiwa hatua tatu kutoka kwake.

Ijumaa nilikwenda kwake, nikamweleza yote mbele ya mkewe Hodo. Hakupaza sauti. Aliniambia binti yao Ambaro aliitwa mtoto wa mwizi shuleni mpaka wakamhamisha. Nilipoanza kulia, Hodo alinikataza, akasema kuyafuta machozi yangu si kazi yao. Kisha Wehliye akasema, "Nduguyo alinitukana pale pale sokoni. Na aje aseme pale pale."

Kwa hiyo njoo, Patrobas. Jumamosi soko likiwa limejaa, nitasema langu kwanza, kila mtu asikie, halafu wewe useme lako. Karatasi haziwezi kurudi, na kazi huenda isirudi. Jina la mtu tunaweza kulirudisha.

Nisalimie wifi na watoto. Mama mwambie nitampigia mwenyewe. Usimsomee barua hii. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Nitakungoja kituoni. Usipotaka kunisalimia, sitakulaumu. Nitakubebea mzigo tu, tutembee.

Ni mimi dada yako,
Nabwire