Sahihi ya Mdhamini

Mdogo wangu mpendwa,

Picha ya mwanao imefika, nimeibandika ndani ya kabati langu kazini. Kiwanda chetu cha droni kinapanuliwa, wanatafuta watu mia mbili. Mimi bado nafunga mapanga ya kurushia, manne kwa kila droni, na vidole vimeota sugu kama kisigino.

Umeniomba nikutafutie nafasi. Huku kila anayeingia hudhaminiwa na ndugu aliye ndani, na mdhamini akiacha kazi, aliyedhaminiwa naye anaondolewa. Mimi nilidhaminiwa na shangazi. Mgongo umemwisha, lakini kila asubuhi anajikongoja hadi mezani kwake, nisije nikafukuzwa. Unakumbuka alivyolia siku nilipoajiriwa, sote tukadhani ni furaha?

Mwezi huu nilitaka kuacha, ili naye apumzike. Jana mama akaniletea fomu yako, imejazwa yote, imebaki sahihi yangu tu. Akaniuliza mtoto wako atakula nini. Nimesaini. Shangazi hajui bado, na sijui nitamwambiaje.

Basi njoo Jumatatu, nitakupokea getini. Ukinikuta nalia, mwambie mama ni furaha.

Dada yako