Mvutaji wa Mwisho

Sanxing, Yilan
Tarehe 9 Novemba

Kwako Dada yangu mpendwa Yun-lan,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sijui umeifungua barua hii ukiwa umesimama au umekaa, nakuomba ukae. Vipi goti lako? Na hiyo mvua ya Keelung, inakuachia hata siku moja ya kuanika nguo? Huku hatujambo. Shemeji yako Po-hung anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi ya asubuhi anapopeleka barua za watu, lakini anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo simhesabu mgonjwa. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa hilo sikulaumu.

Dada, tumeshinda! Ning na wenzake wamezishinda shule sita katika mashindano ya kuvuta kamba ya tarafa, na mpaka sasa sauti yangu haijarudi. Jana muuza samaki aliniuliza nataka nini nikamwonyesha kwa kidole.

Ngoja nianze mwanzo. Unakumbuka nilivyomtoa Ning shuleni miaka miwili iliyopita, na maneno niliyokutupia mbele ya walimu wenzako. Usichokijua ni jinsi mwaka ule wa kwanza ulivyokuwa. Nilibandika ratiba ukutani kama mwalimu mkuu. Nikanunua stika za nyota: ukurasa mmoja wa hesabu nyota moja, nyota kumi aisikrimu. Wiki ya tatu Ning alizibandua zote akambandika nazo paka. Nikapandisha zawadi, akashusha bidii. Nikafoka, akajifungia chumbani. Kulikuwa na siku tulikaa mezani tangu asubuhi hadi saa sita bila hata mmoja wetu kufungua kitabu, kila mtu akimsubiri mwenzake achoke.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Hsiu-ju, yule mama mwokaji mikate wa karibu na daraja, naye anasomesha wanawe nyumbani, akaja siku moja kuniuliza kama na mimi huwa nalia bafuni. Tulicheka mpaka tukalia kweli. Tukatafutana bondeni tukapatikana familia tano, watoto wanane, na kila nyumba ilikuwa na vita yake ileile. Tukakubaliana kugawana siku. Jumatatu watoto wote kwa Hsiu-ju, wapime unga na kuoka. Jumatano kwetu, wasome kwa sauti na kuandika. Ijumaa kwa Bwana Yu, mkulima wa vitunguu vya majani, baba wa mapacha. Huyu alituambia waziwazi kwamba hana somo lolote la kufundisha. Alichokuwa nacho ni kamba, kwa maana aliwahi kuvuta jeshini, na kiwanja cha kukaushia mazao.

Kuvuta kamba, Dada, si kelele tu kama nilivyodhani. Timu ni watu wanane, na uzito wao wote kwa pamoja haupaswi kuzidi kilo mia tatu na sitini. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza Bwana Yu alitoa mizani yake ya vitunguu. Ning alipoiona alijificha nyuma ya makreti. Nikataka kumchukua turudi nyumbani. Bwana Yu hata hakugeuka. Akasema kwa sauti, kama anayeongea na upepo: “Wepesi ninao tele. Namtafuta mmoja mzito, wa kufungwa kamba mwilini akae mwisho kabisa, akigoma kusogea basi hakuna wa kutusogeza sote. Kama hayupo, twendeni zetu tukafunge vitunguu.”

Nikasikia makreti yanasukumwa.

Tangu siku hiyo sikumwamsha tena. Akawa anaamka mwenyewe, anakimbia hadi kwenye mfereji na kurudi. Daftari la uzito wa timu alilidai liwe lake. Kila Ijumaa akawa anawapima wenzake mpaka nusu kilo, anajumlisha, anapiga wastani, anachora mstari wa kila mmoja. Mtoto niliyemwahidi aisikrimu kwa ukurasa mmoja wa hesabu alijaza madaftari mawili bila kuahidiwa hata peremende. Jumatano akawa anawaandikia wenzake maelezo ya namna ya kuweka miguu, na wadogo wanajifunza kusoma kwa kuyasoma hayo.

Majirani waliwaita wanetu watoto wa mapazia, eti tunawafuga ndani. Tulipojiandikisha kwenye mashindano, karani aliuliza jina la shule. Hsiu-ju akajibu: “Andika Kiwanja cha Vitunguu.” Akaandika.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Kwenye mizani Ning alipopanda, mvulana wa timu ya jirani akapaza sauti: “Huyo ni mmoja au wawili?” Wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa nimeshavuka kamba ya watazamaji niende nikamshike masikio, Po-hung akanivuta koti. Ning alimtazama yule mvulana bila haraka. “Wawili,” akasema. “Mmoja wa kukuvuta, mwingine wa kukucheka ukianguka.” Hata refa alicheka.

Halafu afisa wa mizani akatangaza kwamba tumezidi, kilo mia tatu sitini na nane na nusu, tumetolewa. Bwana Yu alikunja uso, akina mama tukaanza kusema wote kwa mpigo. Ning akasogea mezani na daftari lake, akainama kwa adabu: “Samahani, Mjomba, naona ulipojumlisha umebeba moja mara mbili. Ni mia tatu hamsini na nane na nusu.” Afisa akajumlisha upya. Akajumlisha mara ya tatu. Akavua miwani, akasema: “Mtoto huyu anasoma wapi?” Watoto wanane wakajibu kwa pamoja: “Nyumbani!”

Fainali tulikutana na timu ya yule mvulana. Mzunguko wa kwanza walitubeba kama magunia. Wa pili tukawabeba sisi. Wa tatu, Dada, kamba ilisimama. Dakika nzima haikwenda huku wala kule. Mapacha walikuwa wamefumba macho, binti mdogo wa Hsiu-ju anatetemeka mwili mzima, na kule mwisho Ning amelala nyuma karibu aguse ardhi, visigino vimezama, uso mwekundu, anahesabu kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia: “Moja! Mbili! Kaa!” Katika “kaa” ya saba nikaona mguu wa adui umeteleza. “Sasa!” Ning akapaza sauti, na wetu wakarudi nyuma hatua moja, mbili, tano, na filimbi ikalia. Wote walianguka juu ya Ning, na yule mvulana akaja kumpa mkono kumwinua. Nasikia alimwambia: “Kweli mko wawili.”

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari la Bwana Yu, mimi na Ning tumekaa nyuma kati ya makreti, nilimwambia mwanangu ukweli ambao sikumwambia mtu. Kwamba kuonewa kwake shuleni hakukuwa kwa sababu wewe hukumlinda. Mimi ndiye niliyemwandikia mgawaji wa chakula karatasi, nikamwomba ampimie mwanangu wali nusu kwa kuwa ananenepa. Watoto waliona bakuli, wakauliza, wakaambiwa. Kejeli zote zilianzia hapo. Nami kwa aibu nikakurukia wewe, Dada, nikatangaza kila mahali kwamba wewe mwalimu umetazama tu, mpaka ukaomba uhamisho ukaondoka. Mimi ndiye niliyekufukuza kwenye mji wetu.

Ning alinisikiliza akiwa ameikumbatia kamba. Akasema: “Mama, ile karatasi niliibeba mimi. Ulidhani sikuisoma?” Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote miwili. “Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe.” Kisha akafuta jasho, akaongeza: “Kwangu yamekwisha. Bado Mama Mkubwa.”

Nimeshakwenda kwa mwalimu mkuu wako wa zamani nikamweleza yote. Nimewaeleza na Hsiu-ju na wengine, maana hata wao niliwalisha uongo ule. Nakuomba msamaha, Dada, na sikuombi uharakishe. Nilikukosea, ukalipa wewe.

Mashindano ya kaunti ni Jumamosi ya tarehe 23, saa nne asubuhi. Ukija, usinitafute mimi kwanza. Nenda moja kwa moja mwisho wa kamba upande wetu. Ning amesema usimame hapo, nyuma yake, kwa sababu anasema pale ndipo mtu anapowaona wenzake wote wakimjia.

Wasalimie majirani zako. Po-hung anakuinamia kwa heshima. Lichunge goti lako kwenye ngazi.

Mimi mdogo wako, mkosaji na mwenye furaha,
Yun-fang